Draiva ya kutafsiri amri za SCSI kwenda ATA: je, jedwali la amri linatosha?

Swali

Wataalamu, habari za kazi. Ninasanifu draiva ya mfumo mdogo wa uendeshaji ambao tabaka lake la hifadhi linazungumza SCSI (seti ya amri za kuendesha vifaa vya hifadhi) peke yake, ilhali diski zilizofungwa kwenye mashine ni za SATA, zinazoelewa ATA tu, ambayo ni seti nyingine ya amri. Nilichopanga ni jedwali: safu ya kushoto ina namba ya amri ya SCSI, na ya kulia ina amri ya ATA inayolingana nayo, pamoja na maelezo ya namna ya kuhamisha anwani na idadi ya bloku. Kwa kusoma na kuandika jedwali linakwenda vizuri, kwa kuwa READ ya baiti 10 (0x28) inakuwa READ DMA EXT (0x25), na WRITE ya baiti 10 (0x2A) inakuwa WRITE DMA EXT (0x35). Baada ya hapo vighairi vinaanza kuzidi kanuni: INQUIRY (inayouliza kifaa ni cha aina gani) haina amri moja inayolingana nayo, na UNMAP moja (ya kutangaza bloku zisizotumika tena) yaweza kuzaa amri kadhaa za TRIM, inayofanya kazi hiyo upande wa ATA.

Nina maswali mawili. Je, jedwali libaki kuwa msingi na vighairi viandikwe kando, au usanifu wenyewe ubadilike? Na je, nibuni muundo wa kati, usio SCSI wala ATA, ili siku nitakapoongeza NVMe (protokoli nyingine, ya diski za SSD) nisilazimike kuandika upya kila kitu?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, jedwali litumike kuchagua funksheni ya kuita, lisitumike kutafsiri. Kila amri iwe na funksheni mbili, moja ya kuishusha amri kwenye diski na nyingine ya kulipandisha jibu, kwa sababu tofauti kubwa za protokoli hizi zimo katika majibu kuliko katika amri.

Amri zenyewe ni za aina mbili. INQUIRY, READ CAPACITY, MODE SENSE na REPORT LUNS kwa kawaida hazifiki kwenye diski. Draiva huzijibu yenyewe kutokana na baiti 512 ambazo diski ilizitoa ilipopewa amri ya IDENTIFY DEVICE. Zilizobaki ndizo zinazotafsiriwa kweli. Libata, sehemu ya Linux inayoendesha diski za ATA, ambayo ilianzishwa na Jeff Garzik, imegawanywa vivyo hivyo, na kwa maoni yangu faili lake la libata-scsi.c linasomeka kwa urahisi kuliko hati ya SAT, yaani kiwango cha kutafsiri SCSI kwenda ATA, ingawa hati hiyo, iliyotolewa mwaka 2007 kama INCITS 431, ndiyo mwamuzi pale panapotokea ubishi.

Hata majibu haya ya kutoka kwenye kumbukumbu yana mitego. Chukua diski ya terabaiti 1 yenye sekta 1,953,525,168. IDENTIFY DEVICE inaitaja idadi hiyo kuanzia neno la 100 (kila neno ni baiti 2), na ukitazama kumbukumbu utaona B0 6D 70 74, baiti ndogo ikitangulia. READ CAPACITY haiulizi idadi, bali anwani ya bloku ya mwisho, tena inataka baiti kubwa itangulie. Jibu sahihi basi ni 74 70 6D AF, likifuatiwa na 00 00 02 00 kwa bloku za baiti 512. Atakayegeuza mpangilio wa baiti na kusahau kutoa moja atakuwa ametangaza sekta isiyokuwapo, na kasoro hiyo inaweza kukaa kimya hadi mtu agawe diski kwa GPT, aina ya jedwali la sehemu za diski, ambayo huweka nakala ya kichwa chake kwenye sekta ya mwisho kabisa.

Mtego mbaya zaidi ni sifuri. READ ya baiti 10 yenye urefu wa 0 ni amri halali isiyohamisha chochote, lakini READ ya baiti 6 yenye urefu wa 0 inaomba bloku 256. Upande wa ATA, 0 ni sekta 256 katika amri za anwani za biti 28, na ni sekta 65,536 katika zile za biti 48. Maana yake ni kwamba WRITE isiyo na data, ikinakiliwa tu kwenda ATA, inaifanya diski isubiri MiB 32 ambazo hakuna atakayezileta. Amri hiyo imalizwe ndani ya draiva, kwa jibu la mafanikio, bila kushuka chini.

Jambo dogo la mwisho: 0x35 ni WRITE DMA EXT kwa ATA, ila kwa SCSI ni SYNCHRONIZE CACHE. Vivyo hivyo 0x25 ni READ DMA EXT upande mmoja na READ CAPACITY upande wa pili. Majina ya namba hizi katika msimbo wako yabebe kiambishi cha protokoli, la sivyo ipo siku ombi la kumimina kache (kuandika kwenye diski data iliyoshikwa kwa muda) litageuka kuwa ombi la kuandika.

Jibu la pili

Naunga mkono hoja ya funksheni ya kupandisha jibu, na ningependa kuieleza zaidi, maana hapo ndipo draiva nyingi za kutafsiri huharibika.

ATA inaposhindwa hutoa rejista mbili, Status na Error, na humo sababu imeandikwa kwa biti moja moja. SCSI inataka hali ya CHECK CONDITION pamoja na taarifa kamili: aina ya kosa, msimbo wa kina, na anwani ya bloku iliyohusika. Biti ya 6 ya rejista ya Error, UNC, maana yake data imeshindikana kusomwa, hivyo jibu ni MEDIUM ERROR lenye msimbo 0x11. Biti ya 7, ICRC, inasema data imeharibika njiani kati ya diski na kontrola, na mara nyingi lawama ni ya kebo. Hiyo irudishwe kama ABORTED COMMAND ili amri irudiwe. Draiva inayozitafsiri zote mbili kama MEDIUM ERROR inaweza kuifanya RAID (diski kadhaa zinazotumika kama moja) iitoe diski nzima kwa sababu ya kebo iliyolegea. Taarifa hizo pia zipelekwe katika muundo wa maelezo, unaoanza na 0x72, kwa sababu sehemu ya anwani katika muundo wa zamani ni baiti 4 tu na haitoshi kwa diski inayozidi TiB 2.

Suala la foleni nalo lisimamiwe mapema. Ukitumia NCQ, yaani foleni ya amri ndani ya diski, unaweza kuwa na amri 32 kwa wakati mmoja, lakini amri moja ikishindwa, diski huziacha zote. Draiva inapaswa kuusoma ukurasa wa 0x10 wa logi za diski kwa READ LOG EXT ili kuijua tagi (namba ya amri kwenye foleni) yenye kosa, iipe amri hiyo peke yake jibu la kushindwa, kisha izitume upya nyingine bila tabaka la juu kujua. Vilevile FLUSH CACHE EXT, amri ya ATA ya kumimina kache, haichanganyiki na amri za NCQ. Ni lazima foleni iishe kwanza ndipo itumwe, na wakati huo amri mpya zizuiwe mlangoni.

Muulizaji

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Yamebaki mawili: UNMAP, na biti ya FUA (inayotaka data ifike kwenye diski yenyewe kabla ya jibu) kwa diski isiyoitambua. Ninafikiria kuigawa UNMAP ndani ya draiva na kuiigiza FUA kwa kuandika kisha kumimina kache.

Jibu la tatu

Yote mawili yanawezekana, lakini ningekushauri usiyafanye, kwa kuwa SCSI inakupa namna ya kusema mapema kile usichokiweza. Kila kipande cha UNMAP kinabeba urefu wa biti 32, ilhali kipande cha TRIM kina baiti 8 tu: biti 48 za anwani na 16 za idadi. Bloku moja ya baiti 512 inabeba vipande 64, yaani sekta 4,194,240 kwa wingi, pungufu kidogo ya GiB 2. Tangaza kikomo hicho katika ukurasa wa 0xB0 wa INQUIRY, na tabaka la juu litagawa lenyewe. Kuhusu FUA, acha biti ya DPOFUA, inayotangaza kama FUA inatambulika, iwe 0 katika jibu la MODE SENSE. Tabaka la juu lililoandikwa vizuri litafuatisha kila uandishi huo na SYNCHRONIZE CACHE bila wewe kuiga lolote.

Kuhusu muundo wa kati, nadhani wazo lako ni zuri ila limewekwa chini mno. Kati ya SCSI na ATA hauhitajiki. Unahitajika juu ya SCSI, kama maombi machache ya bloku: soma, andika, mimina, achilia. Linux iliwahi kuwa na tafsiri ya amri za SCSI ndani ya draiva ya NVMe na ikaiondoa mwaka 2017, kwa kuwa draiva hiyo tayari ilikuwa inapokea maombi ya bloku moja kwa moja. Ukiweka mpaka hapo, draiva ya NVMe itajitegemea na haitagusa msimbo wako wa SAT. Utakapofika huko, kumbuka kwamba sehemu ya idadi ya bloku inahesabiwa kuanzia sifuri, hivyo 0 ni bloku moja na 7 ni bloku nane.

Usisahau pia ATA PASS-THROUGH (amri ya SCSI inayobeba amri ya ATA kama ilivyo), maana bila hiyo programu kama smartctl hazitaweza kuzifikia taarifa za SMART, yaani za afya ya diski. Anza na ile ya baiti 16 (0x85). Ile ya baiti 12 inatumia 0xA1, namba ambayo kwa viendeshi vya CD na DVD ni amri ya BLANK, ya kufuta diski ya kuandikika upya, kwa hiyo kabla ya kuikubali hakikisha aina ya kifaa kilichopo upande wa pili.