Familia ya Bondeni, Nakuru

[16:08] Shangazi Mwanaisha: Assalamu alaikum, jamaa zangu. Nakumbusha kwa mara ya tatu kwamba Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, tutakusanyika kwangu kuitazama A Taxing Woman, ile filamu ya Kijapani ya 1987 iliyoongozwa na Juzo Itami, kisha tuzungumzie kodi tunayodaiwa na serikali kwa vyumba vya kupangisha vya marehemu Baba. Anayekuja aandike jina lake.

[17:31] Shangazi Mwanaisha: Mmesoma nyote na hakuna aliyejibu.

[17:40] Kassim: Waalaikumu salamu, Shangazi. Kwa nini tutazame filamu kwanza ndipo tuhesabu pesa?

[17:49] Shangazi Mwanaisha: Kwa sababu Ryoko Itakura, yule mkaguzi wa kodi anayeigizwa na Nobuko Miyamoto, hahitaji bastola ili kumnasa mtu. Mapema kabisa anawaeleza mume na mke wenye duka kwamba bidhaa wanazozitoa rafuni na kuzila nyumbani bila kuandika nazo zinapaswa kuhesabiwa. Hapo niliisimamisha filamu, nikakumbuka unga na sukari ninavyovichukua dukani kwetu kila jioni, nikaenda kutafuta kalamu. Baadaye anamwandama Gondo, tajiri wa gesti za wapenzi, kwa subira ambayo sijaiona kwa askari yeyote wa filamu.

[17:52] Rukia: Gesti za wapenzi, mbele ya Nyanya na watoto?

[17:54] Shangazi Mwanaisha: Watoto watacheza uani. Nyanya ni mtu mzima.

[17:55] Kassim: Kama kutakuwa na kaimati, hata mimi nitakaa uani na watoto.

[17:58] Zuhura: Zako zile za Idi ziliungua, Kassim, kwa hiyo safari hii nitapika mimi.

[18:03] Shangazi Mwanaisha: Tuyaache ya kaimati. Vyumba sita kwa shilingi 5,000 kila kimoja ni 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka, na serikali hutoza kodi kwa mapato ya pango kuanzia 288,000 kwa mwaka. Tangu Januari 2024 tunatakiwa kulipa asilimia 7.5 ya pango lote bila kutoa gharama, ambayo ni 2,250 kwa mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

[18:20] Zuhura: Vyumba sita, Shangazi? Mimi nililala katika kile cha nane mwaka mzima, nikimlipa Mjomba Hamisi mkononi.

[18:47] Mjomba Hamisi: Hayo tuliyamaliza kwenye arobaini ya Baba.

[18:49] Shangazi Mwanaisha: Hatukuyamaliza, kaka yangu. Tulinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni.

[19:26] Rukia: Nyanya amenikalisha hapa niandike maneno yake kama alivyoyasema. «Vyumba ni vinane. Maji ya kukorogea saruji ya vile viwili vya nyuma niliyabeba kwa kichwa changu, nikiwa na mimba ya Hamisi. Hamisi, mwanangu, lete daftari la bluu.»

[20:55] Kassim: Basi pango ni 40,000 na kodi ni 3,000. Nitakuja, Shangazi.

[21:38] Mjomba Hamisi: Nimesoma, Mama. Jumamosi nina safari ya Naivasha na huenda nikarudi baada ya magharibi. Daftari lililowa maji, kurasa zimeshikana.

[21:40] Shangazi Mwanaisha: Lilete hivyo hivyo, tutazibandua polepole. Je, tuisogeze filamu hadi Jumapili?

[22:15] Rukia: Nyanya ameshalala. Nitamuuliza asubuhi.