Mtaa wa mabaa kando ya mto, jijini Guangzhou, China: yuan 1,880 kwa kamba na bia sita, na mwenyeji wetu alijua

Wakuu, ni saa nane usiku, nimerudi hotelini sasa hivi na usingizi hauji. Naandika nikiwa na hasira kwa sababu kuna wengine wanakuja maonesho yajayo na watapelekwa palepale.

Tuko wanne, wote wa Kariakoo. Tumekuja awamu ya pili ya maonesho ya biashara ya Canton, ile ya vyombo vya nyumbani. Kutwa tumezunguka kumbi za Pazhou mpaka miguu imevimba. Jioni mwenyeji wetu, Mtanzania mwenzetu anayetukalimania viwandani na kutufungia mizigo, akasema twende Party Pier, mtaa wa mabaa, tukapigwe na upepo. Tukapanda tramu ya kando ya mto, nauli yuan 2 tu. Mahali penyewe sipasingizii, panapendeza kweli. Ni pembeni ya kiwanda cha bia, Mto Zhujiang uko mbele yako, meli za watalii zinapita zimewashwa taa, na ule Mnara wa Canton wa mita 600 unabadilika rangi upande wa magharibi. Kila mlango una muziki wake.

Tukaingia baa moja, jina silitaji. Mhudumu akatukalisha meza ya mwisho kabisa, karibu na maji. Hakuna aliyefungua mdomo kusema kwamba meza ile ina kima cha chini cha matumizi. Hakuna bango, hakuna karatasi. Menyu unaiskani kwenye simu, yote Kichina, kwa hiyo msomaji wetu alikuwa mwenyeji. Akatuonyesha kamba wakubwa, yuan 38. Sokoni hapa kamba huuzwa kwa jin, yaani gramu 500, na sisi tukadhani ni hivyo. Tukaagiza jin tatu. Hesabu yangu ilikuwa 114.

Bili ikaja 1,140 kwa kamba peke yao! Kumbe 38 ni bei ya liang moja, gramu 50. Bia sita kwa 40 kila moja, 240. Sahani ya njugu 58. Jumla 1,438. Bado haikutosha: wakasema meza ya mtoni lazima itumie 1,880, kwa hiyo tuongeze 442. Yuan 442 za kitu gani? Hawakuleta hata maji. Ni zaidi ya laki sita za kwetu kwa mlo mmoja, na mmoja wetu hanywi pombe kabisa, alikula kamba watano na njugu, akachangia 470 sawasawa na sisi.

Tangu Novemba 2014 kanuni za Wizara ya Biashara ya China zinakataza migahawa kuweka kima cha chini cha matumizi. Nilimwambia mwenyeji amtafsirie meneja. Akanong'ona maneno mawili, kisha akanigeukia: "Kaka, hii ni baa, si mgahawa, lipeni tu tuondoke." Nikatoa noti. Wakazikataa, wanataka simu. Noti za yuan ni fedha halali, na Benki Kuu yao imekwishakataza wafanyabiashara kuzikataa. Mwishowe mwenyeji akalipa kwa simu yake, sisi tukamrudishia noti zilezile walizozikataa. Mabishano yote hayo yalitula muda mpaka treni za metro zikafungwa, tukarudi hotelini Xiaobei kwa teksi.

Baa imeniumiza mfuko. Kinachoniuma rohoni ni huyu ndugu. Anaishi mji huu miaka, anasoma Kichina, herufi ya liang ilikuwa mbele ya macho yake. Kesho huyuhuyu ndiye anayeniambia bei ya sufuria kiwandani kwa katoni, na mimi nakubali kwa neno lake. Kama hakuweza kusema "jamani, hii bei ni ya gramu 50" mezani, kwenye kontena atasema nini? Nimeshaamua, mzigo wangu naufunga kwa mtu mwingine.

Mnaokuja: kabla ya kuagiza chochote kinachopimwa, tazama kilichoandikwa baada ya bei. Ukiona 斤 (jin) ni gramu 500. Ukiona 两 (liang) au 50克 ni gramu 50, zidisha mara kumi. Na kabla hujakaa meza ya mtoni, uliza kama ina kima cha chini, mwambie mhudumu akuandikie jibu kwenye simu, ulipige picha. Mimi sina picha wala karatasi, nina bili tu.

Kuna simu ya malalamiko ya walaji, 12315. Kesho asubuhi napiga. Kama kuna mkuu humu aliwahi kuipiga akiwa mgeni, Kichina hajui, akarudishiwa fedha zake, naomba aniambie alianzaje.