Re: Miaka yote hii nimefanya nini huku?

Kutoka: Mama Junior, Reading

Wanajamvi, habari za wikendi. Wakubwa, shikamooni.

Swali langu leo si la viza wala la mizigo, mnivumilie. Mwezi wa nane nilikuwa nyumbani kwenye arobaini ya mjomba. Shangazi mmoja akaniuliza mbele ya watu, wala hakuwa na ubaya, "Sasa mwanangu, huko una nini?" Nikajikuta nahesabu: nyumba ya Kibaha imeishia kwenye linta, gari sina, masomo ya uuguzi niliyaacha njiani. Nimerudi Reading, hapa Uingereza, napiga shifti za usiku kama kawaida, ila swali limekataa kutoka. Nataka nikae chini niyaangalie maisha yangu kama anavyoyaangalia mtu baki. Mliowahi kufanya hivyo mlianzia wapi? Msiniambie nisali, nasali.

--------

Kutoka: Kaka wa Milton Keynes

Dada, mwezi mzima usitume hela hata senti. Simu usizime. Utajua nani anapiga kukujulia hali na nani anakumbushia tu. Utajielewa haraka sana.

--------

Kutoka: Mama Nuru, Leicester

Hiyo dawa ya kaka nilishaijaribu. Nilichopata ni orodha ya watu wa kuwanunia.

Dada, kilichonifungua macho mimi ni karatasi ya serikali. Ingia gov.uk, tovuti ya serikali ya Uingereza, tafuta rekodi yako ya National Insurance, yaani michango inayokuhesabia pensheni ya serikali. Utaletewa miaka yako yote, mmoja mmoja, kila mmoja unaanza 6 Aprili na kuishia 5 Aprili mwaka unaofuata, na mbele yake wameandika umetimia au haujatimia. Basi, hakuna kingine. Nyumba haimo, gari halimo, ndoa haimo. Nilikwenda kuichapisha maktaba, nikakaa nayo jikoni na kalamu, kila mwaka nikaandika pembeni nilikuwa naishi wapi na nafanya nini.

Nikaduwaa. Kuna mwaka nilibeba boksi kuliko miaka yote: alfajiri nasafisha ofisi, mchana niko jikoni kwenye shule, usingizi naupatia kwenye basi. Huo umeandikwa haujatimia! Kila kazi peke yake ililipa chini ya kiwango cha kuhesabiwa mwaka, na kazi mbili za waajiri tofauti hazijumlishwi. (Kwa 2025/26 kiwango hicho kilikuwa pauni 125 kwa wiki, kwa kazi moja.) Hakuna mwajiri aliyevunja sheria hapo. Mwaka uliofuata nilikaa nyumbani na mtoto mchanga, najiona mzigo kwa mume wangu, simu ikiingia kutoka Tanga naona haya hata kuipokea. Umetimia. Sababu yake ni kwamba Child Benefit, posho ya serikali kwa mwenye mtoto, niliiomba kwa jina langu, na mzazi anayeiombea mtoto wa chini ya miaka 12 anaandikiwa mwaka wake hata kama hana kazi.

Sisemi serikali inajua thamani ya maisha yangu. Inachojua ni mshahara na fomu. Lakini mimi miaka yote nilijipima kwa mizani ya shangazi yako, na hii ilikuwa mizani nyingine kabisa, haina huruma na haina masimango. Nikaona kwamba uchovu nilikuwa nauhesabu kama maendeleo. Wiki ile ile nikaacha shifti za Jumapili, na mpaka leo sijaona pengo lake.

Mambo ya vitendo sasa. Bila miaka 10 hupati pensheni ya serikali hata kidogo. Kwa walioanza kuchangia baada ya Aprili 2016, pensheni kamili ni miaka 35. Waliotangulia hesabu yao ina mikunjo, wasome makadirio yao wenyewe. Kamili kwa 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Mapengo, yaani miaka isiyotimia, ya miaka sita ya nyuma kwa kawaida unaweza kuyalipia. Na tafadhali, Child Benefit ni fedha za umma: kama viza yako inakukataza fedha za umma, usiiguse.

--------

Kutoka: Binti Ujiji, Columbus, Ohio

Huku kwetu Marekani ni ssa.gov. Ili upate pensheni ya serikali zinatakiwa pointi 40, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya 4, kwa hiyo ni kama miaka kumi ya kazi. Uzuri wake wanakuonyesha ulichoingiza mwaka kwa mwaka tangu kazi ya kwanza. Mwaka wangu wa kwanza ni dola mia tatu na ushee. Nilicheka peke yangu, maana mwaka huo huo nilichangia harusi tatu.

--------

Kutoka: Mzee wa Cardiff

Wanangu, nawasoma. Mama Nuru, hapo kwenye pensheni kuna jambo ambalo wengi mnaojenga hamlijui. Ukihamia Tanzania au Kenya, pensheni ya serikali ya Uingereza utalipwa, lakini haitapanda. Kiasi ulichoanza nacho huko ndicho utakachopokea miaka yote utakayoishi huko, hata mkate ukipanda bei mara ngapi. Anayestaafia Marekani au Mauritius anaongezewa kila mwaka, kwa sababu wana makubaliano na Uingereza. Sisi hatuna.

Kwa hiyo Mama Junior, mimi ningeanza na nitazeekea wapi. Hilo la umefanya nini tulijibu baadaye. Na hiyo karatasi ukishaichapisha, tafuta kalamu nyekundu uwaandike wadogo zako uliowasomesha. Serikali haina safu yao.

--------

Kutoka: Mama Junior, Reading

Marahaba wadogo, na Mzee shikamoo.

Nimefungua jana usiku nikiwa kazini, wazee ninaowatunza wamelala. Miaka iliyotimia ni mingi kuliko nilivyodhani, nikahesabu mara ya pili kwa kidole. Pengo ni moja, 2021/22. Huo ndio mwaka niliokwenda Muheza kumuuguza mama. Kwenye skrini umeandikwa haujatimia, na nimeutazama sana. Katika miaka yangu yote ya huku, huo ndio mmoja ambao nisingebadilisha hata siku. Shangazi yule yule alikuwepo akiniona namwogesha mama, sijui kwa nini sikumjibu hivyo.

Sasa niambieni: kulipia hilo pengo naona ni zaidi kidogo ya pauni 900. Ni hela ya mabati. Na kama nitarudi Kibaha na pensheni ikaganda kama anavyosema Mzee, kuna faida kulipia?

--------

Kutoka: Mama Nuru, Leicester

Mwaka mmoja unaongeza karibu pauni 6.58 kwa wiki kwa viwango vya 2025/26. Hata ikiganda, hela yako inarudi ndani ya miaka mitatu tangu uanze kulipwa. Lakini usitoe hata pauni kabla hujaongea na Future Pension Centre, ofisi ya serikali inayojibu maswali ya pensheni. Kama una miaka mingi ya kazi mbele, utafika 35 bila hilo pengo, na hela utakuwa umeitupa. Kama unarudi mapema, hapo pengo lina maana. Una umri gani, dada, na unarudi lini?

--------

Kutoka: Mama Junior, Reading

47. Narudi lini ndiyo sijui, na naona bila jibu hilo hata mabati siwezi kuyanunua. Jumatatu nikitoka shifti nitawapigia, mume wangu akiwepo. Hatujawahi kuliongelea hata siku moja.