Ukoo wa Muheza: ukurasa wa mkwe

*Jumamosi*

Shangazi Agnes: Neema mwanangu, daftari la ukoo limefika kwenu. Upande wetu nimejaza hadi babu wa babu. Upande wa mkwe lipo jina moja tu na mstari mtupu. Kwao Uingereza ni wapi?

Neema: Shikamoo Shangazi. Kwao Cornwall, kule mwisho kabisa kusini magharibi. Na mbele ya baba mkwe usiseme Mwingereza, chai hutapewa 😄 Tangu 2014 hata serikali yao imewatambua Wakornishi kama jamii yenye utaifa wake.

Shangazi Agnes: Marahaba. Haya, si Waingereza. Nipe majina.

Joshua: Shangazi usihangaike, nimeshazama mtandaoni. Kuna mti wa ukoo wa akina Rowe, ndio jina la ukoo wa shemeji, wa Camborne huko huko Cornwall, umefika 1190! Juu kabisa kuna bwana mwenye farasi na ngao. Niuweke hapa?

Neema: Joshua tulia. Hawa walichimba shaba na bati. Makanisa kule yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko mwaka 1538, na vitabu vingi vya mwanzo vimepotea. Mchimbaji wa 1190 aliandikwa na nani?

Joshua: 😂😂 Basi ngao nitabaki nayo mimi

Mama Neema: Mwenye ufunguo wa stoo ya Bibi aurudishe SASA. Mahindi yako nje na wingu hilo linakuja.

Neema: Shangazi, nimepanda cheti kwa cheti hadi ngazi ya tano juu ya mume wangu: William Rowe, alifunga ndoa Camborne 1859. Vyeti vya serikali vilianza Julai 1837, naye alizaliwa kama mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo kilichobaki ni vitabu vya kanisa. Shida wako wawili. Wote William Rowe, wote Camborne, baba zao wote John, na akina John wote wachimbaji.

Anko Elia: Na sensa haiwatenganishi?

Neema: Ya 1841 ina majina, lakini haisemi nani ni nani wake mle nyumbani, na watu wazima umri wao umepunguzwa hadi kwenye tano au kumi ya chini. Ya 1851 ina nafuu: mke, mtoto, mpangaji, na parokia aliyozaliwa kila mmoja. Humo William mmoja ana miaka 15, mwingine 14. Wote wako mgodini tayari.

Anko Elia: Miaka 14! Mimi Mererani nilishuka mtu mzima na bado nilimwita mama.

Shangazi Agnes: Neema, wewe umekazana na ubatizo. Mimi nimetunza vitabu vya kanisa hapa mpaka macho yamechoka. Ndoa ina mashahidi. Kwao haina?

Neema: Inao wawili. Mmoja ni mwanaume, jina lake liko kwenye ndoa kibao za mwaka huo, nadhani mtu wa kanisani tu. Wa pili Grace Rowe. Hakujua kuandika, ameweka alama ya X.

Shangazi Agnes: Grace ROWE. Basi ama hajaolewa, au ameolewa humohumo kwa akina Rowe. Muache William kwanza, mtafute huyo binti.

Mama Neema: Ufunguo umepatikana. Alikuwa nao Joshua. Ndiyo huyo mwenye ngao.

*Jumapili*

Neema: SHANGAZI! Grace yuko sensa ya 1851, miaka 17, kwa John mmoja tu, yule mwenye William wa miaka 15. Yule John mwingine hana binti wa jina hilo. Kazi ya Grace: kupasua mawe ya shaba kwa nyundo. Wasichana hawakushuka shimoni, walikuwa juu wakichambua.

Shangazi Agnes: Huyo sasa. Lakini anaweza kuwa binamu aliyekuja kulelewa.

Neema: Ameandikwa binti wa mwenye nyumba. Na ubatizo nimeuona. Nyumba hii ilikuwa ya Wamethodisti, John Wesley aliwavuta wachimbaji wengi kule. Vitabu vyao vya zamani serikali ilivikusanya, viko Kew, London, na picha zake ziko mtandaoni. William na Grace wote wamo, baba mmoja mama mmoja. William aliyebatizwa kwenye kitabu cha Anglikana ndiye yule mwingine.

Shangazi Agnes: Mama yao nani?

Neema: Elizabeth, binti wa Thomas Uren. Na Shangazi, ami yake mume wangu jina lake la kati ni Uren! Miaka yote walidhani ni la padri fulani. Kule walizoea kumpa mtoto jina la ukoo wa mama au bibi liwe la kati.

Mama Neema: Kumbe bibi alikuwa kajificha humo

Joshua: Na William wa pili?

Neema: Bei ya shaba ilianguka 1866, watu wa Camborne wakatawanyika: Michigan, Meksiko, Australia Kusini. Yeye alikwenda Moonta, Australia. Ule mti wako umewafanya mtu mmoja. Umemzika William wetu Moonta mwaka 1879, wakati sensa ya 1881 inamkuta Camborne na watoto sita.

Joshua: Kwa hiyo yule bwana wa farasi...

Neema: Si wetu, na sidhani kama ni wao.

Anko Elia: Wetu alikufa na nini?

Neema: Cheti cha 1884 kinasema kifua. Miaka 48.

Anko Elia: Vumbi la miamba hilo. Nawajua wengi.

Joshua: Umelipa shilingi ngapi yote haya?

Neema: Vyeti ndivyo vya kulipia. Faharasa za vizazi, ndoa na vifo ziko bure kwenye tovuti ya FreeBMD, na Cornwall wana watu wa kujitolea, kila mmoja na parokia yake, wamenakili vitabu na kuviweka wazi.

Shangazi Agnes: Nimeandika: William, Grace, John, Elizabeth, Thomas Uren. Mke wa Thomas hana jina?

Neema: Hapo bado Shangazi. Nyaraka za Cornwall ziko Kresen Kernow, mjini Redruth. Likizo ya Pasaka tutakuwa huko.

Shangazi Agnes: Haya. Namuachia mistari miwili, isije ikawa alikuwa na wake wawili.