Banda la uani limefika lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), nimeletewa notisi ya kusimamisha ujenzi. Naombeni ushauri

MamaWawili
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Nina kiwanja Nzuguni, hapa Dodoma, mita za mraba 600 kasoro kidogo. Nyumba kubwa niliijenga kwa kibali, ramani yangu yenye muhuri inaonyesha niache mita 3 mbele na mita 1.5 kila ubavu, kutoka mpakani hadi ukutani. Mwaka huu nimeanza banda la uani: jiko la mkaa, stoo na vyumba viwili vya kupangisha. Fundi alisema vibanda vya uani havina haja ya kibali, akapandisha ukuta ukigusana na uzio wa jirani ili nafasi isipotee. Jirani amelalamika. Jana mtendaji wa mtaa kaniletea notisi: nisimamishe kazi, nipeleke kibali ofisi ya mipango miji. Kibali sina, na bati nimeshanunua. Nibomoe, au kuna namna ya kuzungumza nao? Sipati usingizi.

Mchoraji
Pole dada. Simamisha kweli, hata tofali moja lisiongezwe, maana ukiendelea baada ya notisi unajiongezea kosa. Hilo la "banda halihitaji kibali" limewaponza wengi. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inakataza kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mpango bila idhini, na chumba chenye msingi na lenta ni jengo. Usichukue vipimo vya kiwanja cha mwenzako, kwani umbali unategemea ukubwa wa kiwanja na matumizi yake.

Babu wa Mkonze
Binti, umemuuliza jirani anaumia wapi? Mara nyingi ni maji ya paa. Mvua zetu ni za miezi michache, Desemba mpaka Aprili, lakini zikija zinakuja kwa nguvu, na bati likitokeza nje ya ukuta maji yote yanashukia msingi wake. Nenda kwake jioni, ongea naye kwa upole, kisha andikishaneni kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mchoraji
Shikamoo mzee. Kuongea naye ni jambo jema, lakini karatasi yao haiondoi sharti la kibali. Jirani akiuza, mnunuzi haijui. Halafu kuna jiko la mkaa hapo. Moto ukishika, mtu atapita wapi na ndoo? Na madirisha ya wapangaji yatafungukia wapi, uzioni?

Mpima_Dom
Dada, fundi alipima kutoka kwenye uzio au kutoka kwenye bikoni, yale mawe ya mpaka yaliyowekwa na wapimaji? Uzio si mpaka. Tafuta bikoni zote, namba zake ziko kwenye ramani ya upimaji iliyoambatana na hati yako. Kama kiwanja ni cha enzi za CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyokuwa ikigawa viwanja Dodoma, usihangaike, ilipovunjwa mwaka 2017 kazi zake zilihamia halmashauri. Na kama nyuma kuna korongo lenye maji, sema mapema. Sheria ya Mazingira ya 2004 ina mita 60 zake za kuacha kutoka ukingo wa mto, hizo ni habari nyingine kabisa.

Kijana wa Chamwino
Mimi nilibisha, nikapaua usiku. Mwaka uliofuata nilibomoa kwa mkono wangu, mbao na bati vikiwa juu. Wewe uko kwenye lenta. Hasara yako bado ni tofali na saruji. Tafadhali usipaue.

MamaWawili
Asanteni sana, naleta mrejesho. Mpima alikuja leo asubuhi. Bikoni ya nyuma ilikuwa chini ya kifusi changu mwenyewe. Jirani alijenga uzio wake ndani ya kiwanja chake, amerudi sentimita 40, kwa hiyo ukuta wangu haukuwa mpakani, uko kwake kabisa. Niliishiwa maneno. Nimekwenda kumwomba radhi kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Ofisini wameniambia nilete michoro ya banda. Mchoraji wangu anaurudisha ukuta ndani kulingana na masharti, stoo inaondoka na chumba kinabaki kimoja. Bati zitasubiri.

Babu wa Mkonze
Jirani kasemaje?

MamaWawili
Alinyamaza kidogo, akaniuliza tofali ni za inchi ngapi. Jioni kaleta toroli lake, fundi anazitoa moja moja tusizivunje.