Mtu anaona nyota mchana, anaambiwa akadeke kwa mumewe

Mke wa Mvuvi:

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, naandika huku vidole vinanitetemeka kwa hasira, na nikikosea herufi mnisamehe, maana nikisubiri nitulie sitaandika tena. Nimetoka kliniki sasa hivi. Yule bibi mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule ambaye miwani yake imekaa juu ya mtandio tangu Mapinduzi na haijawahi kushuka machoni hata siku moja, ameniambia mbele ya benchi zima la wanawake: "Hapa si pahala pa kudeka. Kadeke kwa mumeo."

Mume wangu yuko dago, kambi ya wavuvi. Nikitaka kumdekea inabidi nikodi ngalawa.

Mimba yangu ni ya kwanza na imeingia mwezi wa saba. Kichwa kinanigonga kwa mbele tangu juzi na panadoli haikifanyi lolote, nikiinama kuchota maji naona vinyota vinapita mbele ya macho, na pete ya ndoa haitoki kidoleni hata kwa sabuni. Miguu kuvimba sikuitaja kabisa, kwa sababu najua kila mja mzito huvimba miguu na nisingependa kuonekana mjinga. Nilichomwambia ni kwamba uso wangu nikiamka asubuhi siutambui kwenye kioo, na vidole vya mikono havikunjiki. Hayo tu. Nilisubiri foleni ambayo mtu angeweza kujifungulia pale pale, mtoto akaanza chuo, akakhitimu msahafu, na bado hajafika dirishani, halafu ninapofika na kusema maneno yangu mawili naambiwa nadeka.

Kipimo cha presha kilikuwepo mezani, mpira wake umekunjwa vizuri na juu yake pamewekwa khanga na chupa ya chai. Alinitazama mkono kutoka ng'ambo ya meza, akaandika kwenye kadi 120/80. Nikachungulia kadi ya jirani yangu: 120/80. Mama wa mbele yake, mwenye mimba ya saba na pumzi za kuhesabu: 120/80. Benchi zima tuna presha moja, kwa hiyo serikali ingeokoa karatasi kwa kutupa kadi moja tukaitumia kwa zamu.

Lakini hata hilo ningelimeza. Kisichomezeka ni ile "kadeke kwa mumeo", kwa sauti ile, na wanawake wenzangu, wenye matumbo kama mimi, wakacheka. Wakacheka! Mmoja alijifunika uso kwa buibui lakini mabega yalimtikisika nikamwona.

Nilipotoka nikapita duka la dawa kununua panadoli nyingine. Kijana wa pale aliniangalia uso, akanikalisha, akasubiri nipumzike, ndipo akanipima. 150/100. Akasubiri tena kidogo, akanipima mkono wa pili, ikatoka ile ile. Hakunitoza hata senti. Akasema: "Dada, usirudi nyumbani." Sasa nimekaa ndani ya gari ya abiria nasubiri ijae niende hospitali kubwa, na dereva anasema bado watu wanne. Kadeke kwa mumeo!

Kibibi cha Chake:

Pole sana, shoga yangu. Sikuhitaji hata kumaliza kusoma, nilipofika kwenye miwani nilishamjua. Ndiye aliyemwambia mdogo wangu, alipolalamika kwamba mtoto hachezi tangu jana yake, "Mtoto amelala, na wewe nenda kalale." Nimeitoa kadi yangu ya mimba iliyopita kabatini baada ya kusoma uzi huu. Kuanzia hudhurio la kwanza hadi la mwisho ni 120/80, mstari kwa mstari, kwa kalamu moja.

Ami wa Mtambwe:

Mimi nina swali moja tu kabla hatujaanza kulia pamoja. Mgonjwa huyu anayeona nyota, ambaye vidole vyake havikunjiki, ameandika aya zote hizi kwa vidole gani? Na mvuvi gani wa dago siku hizi ambaye mkewe ana bando la kutosha kuandika risala? Mwanangu, ukiweza kuandika hivi basi wewe ni mzima, na nesi alikuwa na haki. Sisi mama zetu walituzaa mashambani baina ya mikarafuu na hakuna aliyepimwa chochote.

Mke wa Mvuvi:

Ami, nakuheshimu kwa umri wako. Naandika kwa kidole gumba, kimoja tu ndicho kinachokunjika. Na hao mama zenu waliozaa baina ya mikarafuu, waliorudi nyumbani ndio mnaowasimulia, waliozikwa hawana wa kuwasimulia humu. Wewe ungeambiwa ukadeke kwa mkeo mbele ya wanaume wenzako barazani, ungenyamaza? Gari imebakisha mtu mmoja.

Muuguzi Mstaafu:

Binti, gari ikichelewa shuka uchukue bodaboda ya polepole, au umwombe mwenye gari binafsi. Usingoje ijae.

Ninawaambia nyote mnaocheka. Presha ya mja mzito ikifika 140/90 baada ya wiki ya 20, mkojo lazima upimwe kutazamwa protini, na mwenye presha hiyo akiwa na kichwa kisichosikia dawa, macho yanayoona nyota au ukungu, au maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia chini ya mbavu, huyo hatazamwi kutoka ng'ambo ya meza. Hiyo ni njia inayoelekea kwenye kifafa cha mimba. Mimba ya kwanza ni miongoni mwa mambo yanayoongeza khatari yake. Dawa za presha zipo na husaidia, na sindano ya magnesiamu salfeti huzuia degedege, lakini ugonjwa wenyewe hauanzi kuondoka mpaka mtoto na kondo la nyuma vitoke. Ndiyo maana kinachotakiwa ni kumgundua mtu mapema, na kumgundua ni kazi ya kitambaa kinachofungwa mkononi na kijiti kinachochovywa kwenye mkojo. Hakuna mashine ya ajabu hapo.

Najua kazi ile. Nesi mmoja na foleni inayofika nje ya mlango, betri zimekwisha, vijiti vya mkojo vimekwisha, na dakika mbili kwa kila mama ni nyingi. Kama kipimo kimeharibika, andika "hakupimwa" na umtume pengine. Mkono ulioandika namba ambayo haukuipima siwezi kuutetea, hata kama ni wa mwenzangu niliyekula naye chumba kimoja.

Ukifika, usianze kwa kusema kichwa kinauma, maana kila mtu pale kichwa kinamuuma. Anza na namba: "Mimba ya miezi saba, presha 150/100 mikono yote miwili, naona nyota." Umwoneshe na kadi yako, akiuliza nani aliandika 120/80 umwambie.

Mwana wa Konde:

Ahsante, mama muuguzi, laiti ungekuwepo wakati wetu. Wa kwetu ni mkubwa kuliko huu. Mke wangu alijifungua salama, tukapewa ruhusa, tukarudi nyumbani na furaha zetu na kuku wa supu. Wiki haikuisha akaanza kusema kichwa. Nikampigia simu mtu wa kituoni, si yule wa miwani, huyu ni yule mwingine, wa simu mbili, na yeye pia mnamjua. Akaniambia: "Huo ni uchovu wa mzazi, mpe uji wa pilipili manga." Tukampa uji mpaka mtaa mzima ukanukia pilipili. Usiku akakakamaa, macho yakageuka, na nyumba nzima ikakubaliana kwamba ni pepo. Ubani ukafukizwa, kombe la aya za kunywa likaandikwa, na bibi mmoja akawa anamuuliza huyo pepo jina lake na anataka nini.

Aliyeniokoa ni mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyeagiza hilo kombe, lakini akauliza: "Mbona pepo huyu hajawahi kuja kabla ya mimba?" Tukamkimbiza. Yuko hai, alhamdulillahi. Mama mkwe asiyejua kuandika jina lake alinihoji vizuri zaidi kuliko mwenye simu mbili.

Muuguzi Mstaafu:

Aliuliza vizuri. Kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya kujifungua, mpaka wiki ya sita, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu mimba imekwisha na wanadhani khatari nayo imekwisha.

Bibie wa Mjini:

Nyinyi wa Pemba mna nafuu, hamjui tu. Huko mtu anakwambia "kadeke kwa mumeo", yaani angalau amekusikia, amefikiri, amejibu, na anajua una mume. Huku Unguja mjini mimi nilieleza kwamba natokwa na maji kidogo kidogo, na bibi aliyekuwa mbele yangu hakunena neno. Aligeuka. Nilizungumza na mgongo wake, na mgongo haukunijibu. Nikarudia kwa sauti zaidi, akamwambia mwenzake: "Unamsikia huyu?" Mwenzake naye akageuka. Nikawa na migongo miwili.

Ami wa Mtambwe:

Hata katika kutukanwa mnataka mtushinde, watu wa Mjini? Tunakubali barabara mmetushinda, taa mmetushinda, boti zote zinalala kwenu. Lakini kwa ulimi mkali hamtufikii. Nesi wa Pemba akikusema, utarudi nyumbani ukayarudia maneno yake kwa miaka kumi. Huo mgongo wenu ni uvivu tu.

Kibibi cha Chake:

Ami, sasa umekuwa upande gani? Asubuhi ulisema nesi alikuwa na haki.

Ami wa Mtambwe:

Niko upande wa Pemba.

Baba Pacha:

Na sisi wanaume nani atatusemea? Kila mkutano tunahimizwa tuwasindikize wake zetu kliniki. Nimemsindikiza, mlinzi kaninyooshea fimbo: "Wanaume chini ya mwembe." Chini ya mwembe nikawakuta wanaume wengine, mmoja ameshasahau amekuja na nani. Mke wangu ana pacha, mimba ya pacha nayo ni ya kuangaliwa kwa makini, nikataka kuuliza kwa nini hakupimwa mkojo, nikaambiwa maswali yote ayaulize mwenyewe. Alipoyauliza mwenyewe akaambiwa: "Hayo kakufundisha mumeo."

Bibie wa Mjini:

Huku hakuna hata mwembe.

Mke wa Mvuvi:

Nimefika, na nimeshalazwa. Nilisema zile namba kama mama muuguzi alivyonielekeza, na kweli sikukaa foleni, nilivutwa mkono. Ilikuwa 160/110 nilipopimwa hapa, na mkojo una protini. Wamenitundikia dawa, wamenichoma sindano ambayo mwili mzima uliwaka moto, na nyingine wanasema ni ya kuyakomaza mapafu ya mtoto, pengine akalazimika kutoka mapema. Mtoto anacheza. Daktari ni kijana mdogo, aliichukua kadi yangu, akaisoma, akauliza nani kaandika hii. Nikamwambia. Akanyamaza, akasema: "Aaa." Kumbe na yeye anamjua.

Kadi ameibakisha kwake. Na mimi bado nasema, kwa hali hii niliyonayo, na mrija mkononi: kadeke kwa mumeo! Kuna mtu humu anaweza kupeleka salamu dago?

Duka la Neema:

Asalaam alaykum wanajukwaa. Kwa mnaohitaji vipimo vya presha vya nyumbani, tunavyo vya kiganjani na vya mkononi juu. Tunaleta Pemba kwa boti, malipo ukipokea.

Muuguzi Mstaafu:

Alhamdulillahi, binti, hapo umefika pahala pake. Lala ubavu wa kushoto na usitoke kitandani peke yako.

Na huyu muuzaji, watu wasichukue cha kiganjani, hukosea kwa urahisi mkono ukikaa vibaya. Chukueni cha kufunga juu ya kiwiko, na kitambaa kiwe kinauenea mkono. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko ilivyo.

Baba Pacha:

Hicho cha juu ya kiwiko ni bei gani mpaka Wete?

Duka la Neema:

Bei njoo faragha, kaka.

Ami wa Mtambwe:

Bei ya faragha ni bei ya kuogopa watu. Itaje hapa.

Kibibi cha Chake:

Betri zimo ndani, au mtu ananunua mwenyewe?

Duka la Neema:

Betri unanunua mwenyewe, dada.

Mwana wa Konde:

Mliniuzia mimi mwaka jana, na kikitumia betri mpya kinasoma namba moja kwa kila mtu nyumbani, mpaka mtoto wa chuoni. Nilirudi kulalamika nikaambiwa presha yetu ni ya ukoo. Uzi wenu nitaufungua kesho.