Mada: HOA (chama cha wenye nyumba wa mtaa) wamekataa risiti ya fundi wa mlango wa gereji

Mama Sauda, San Diego
Asalaam aleikum watu wa nyumbani. Springi ya mlango wa gereji yangu ilikatika usiku kwa kishindo kilichowaamsha watoto, mlango ukagoma chini, gari limo ndani. Mtu wa msikitini akanipa fundi, akafunga springi mpya, mlango sasa wapanda na kushuka. Risiti nikaipeleka HOA kwa sababu barua yao kuhusu mlango huo ilikuwa imeshanifikia. Leo wameirudisha. Wasema haina nambari ya CSLB (bodi ya leseni za makandarasi California), haina COI (cheti cha bima), na wataka D-28, fundi mwenye leseni ya milango na mageti, aje akague kabla ya kikao cha faini. Fundi naye ashikilia kuwa kazi ya chini ya dola 1,000 haihitaji leseni. Naomba kujua: wana haki ya kuikataa kazi iliyokwisha? Na huyo fundi wa pili alipwe na nani?

Abu Nasri, Columbus
Waaleikum salaam dada. HOA ndivyo walivyo. Mimi waliniandikia kuhusu rangi ya mlango, nikapaka, wakasema siyo ile, nikapaka tena. Lipa yaishe. Springi yenyewe wala hukuhitaji mtu: video ziko tele, vyuma viwili vya kukazia, nusu saa umemaliza.

Ami Twalib, Sacramento
Abu Nasri, hilo la mwisho si la kumwambia mtu. Milango hii ndiyo kazi yangu, na sitaki kijana wa Lamu asome hapa kisha apande ngazi na bisibisi. Mlango wa magari mawili wapita kilo 60 kwa urahisi, na si mota inayoubeba. Kinachoubeba ni springi ile iliyosokotwa kwenye shafti juu. Mlango ukiwa umetulia chini ndipo springi imekazwa zaidi. Chuma kikiponyoka wakati wa kukaza, charudi kwa kasi ya kuvunja mkono au taya. Kebo za pembeni nazo zimevutwa muda wote, pamoja na kile kibati cha chini zinakoshikwa. Ukikifungua skrubu springi ikiwa nzima, umejitafutia hospitali. Hayo mwachie fundi. Mwenye nyumba atie mafuta magurudumu na bawaba, afute vumbi kwenye macho ya sensa, yale yanayoona kitu kilicho njiani mwa mlango, basi.

Mama Sauda, hiyo dola 1,000 imeanza 1 Januari 2025, zamani ilikuwa 500, na ni jumla ya vifaa na kazi. Kazi ikitaka pamiti, au akija na kibarua aliyemwajiri, msamaha huo haumfai. Alibadilisha springi zote mbili? Za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko 10,000 hivi. Mlango ukifunguliwa mara nne kwa siku, hiyo ni kama miaka saba. Moja ikikatika, na mwenzake yu njiani.

Mama Sauda
Ahsante Ami. Alibadilisha moja, akanifungia na mota mpya. Lakini swali langu ni la HOA.

Ami Twalib
Mota mpya? Ina betri? California tangu 1 Julai 2019 ni lazima, sheria ya SB 969. Moto wa 2017 uliwakuta watu umeme umekatika na magari yamefungiwa ndani. Kama haina betri, D-28 ataiandika.

Salma, Leicester
Huku Uingereza ejenti wa mwenye nyumba alinizungusha na barua pepe mpaka nikachoka, mlango washuka bila kusimama na mtoto wangu ndiyo kwanza aanza kutambaa. Mwishowe wakafunga sensa, usawa wa kiuno. Angalau nalala.

Ami Twalib
Usilale, mwanangu. Kiunoni yaona watu wazima. Anayetambaa apita chini yake. Marekani mota zote zilizotengenezwa tangu 1993 ni lazima ziwe na kinga ya kuzuia kunasa mtu, na macho ya sensa hufungwa yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni. Jaribuni leo: laza kipande cha mbao bapa sakafuni katikati ya mlango, ushushe kwa rimoti. Ukigusa mbao lazima urudi juu wenyewe. Usiporudi, chomoa mota, ita fundi.

Bi Khadija, Malindi
Mimi nimesharudi nyumbani, lakini nawasoma. Majumba ya huku Casuarina yana mageti ya mota, stima ikipotea askari asukuma kwa mabega. Watoto hucheza hapo hapo getini. Nitawaambia majirani la sensa.

Abu Nasri
Bi Khadija umenitia hamu. Kwetu Mkomani, mtaa wa Lamu, mlango ni mbao ya nakshi, mfaa katikati, komeo, wala hauna springi. Na gari mtu aliacha Mokowe, upande wa bara, akavuka kwa boti.

Salma
Mokowe ya sasa si ile uliyoiacha. Bandari ilifunguliwa 2021, malori yapita, na wavuvi wetu wamekosa maeneo yao. Mama Sauda, watu wako wa HOA afadhali, wao angalau hujibu kwa barua.

Bi Khadija
Na kesi ya wavuvi hao kuhusu bandari iliamuliwa papa hapa Malindi, Mahakama Kuu, 2018: wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76. Tangu hapo ni orodha, nakala za vitambulisho, njoo kesho.

Abu Nasri
Orodha zapitia BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo. Asiyeandikishwa huko hapati kitu.

Bi Khadija
Si kweli hivyo, Abu Nasri. Wako walioandikishwa na bado majina yao hayakuonekana. Usiseme mambo ya mbali kwa uhakika.

Mama Sauda
Bi Khadija, baba yangu alivua Lamu maisha yake yote na kadi ya BMU anayo. Nikutumie nakala yake kwa WhatsApp unitazamie jina?